Talaso, Mwanao Atakula Hata Akikataa

Talaso, mke mwenzangu,

Salaam aleikum huko ulikolala. Sisi huku Bulla Pesa tuko hai, na kiu yetu. Mimi sijui kalamu, unajua. Tulipokuwa wasichana shule yetu ilikuwa nyuma ya ng'ombe. Kwa hiyo ninasema mimi, na mwanao Tume anaandika. Nimemwambia asipunguze hata neno, hata pale nitakapomtukana. Ameshaanza kununa. Andika hilo pia, Tume.

Nimekaa siku nyingi bila kukusemesha kwa sababu sikuwa na shida na wewe. Sasa ninayo. Mwanao ana saratani ya titi. Ninaitaja kwa jina kwa sababu wewe ulipougua hakuna aliyetaja kitu. Ulikuwa na uvimbe kooni. Tukasema ni kikohozi, tukasema ni jicho la mtu, tukakuchoma kwa chuma, na wewe ukazidi kwisha mpaka bangili zikawa zinakutoka ukinawa mikono. Kila nilipokuletea chakula ulisema, "Nimeshiba, dada," nami nikaondoa sahani, kwa sababu mtu mzima akisema ameshiba huwezi kubishana naye. Tulifanya tulichokijua. Sijilaumu, wala wewe usinilaumu. Lakini kwa mwanao adabu hiyo nimeivua, nikaiweka kando kama viatu mlangoni.

Walimpasua Nairobi, kidonda kikapona vizuri. Kisha wakasema bado kuna dawa ya kupitia kwenye mshipa, na lazima arudi tena na tena. Mimi ndiye ninayemsindikiza. Dawa yenyewe ni kali, Talaso. Nywele zilitoka, hizo tulizifunika kwa mtandio. Mdomo ukajaa vidonda. Akasema kila kitu kina ladha ya chuma, hata maji.

Nikamtafutia maziwa ya ngamia kutoka Gotu. Mwaka huu wa ukame na mahindi ya njano ya msaada, ng'ombe wamekuwa ngozi na mifupa, na anayekupa maziwa amekupa roho yake. Nikayatia kwenye kibuyu changu mwenyewe, nimekifukiza moshi vizuri, kama ulivyokuwa unamfanyia wewe akiwa mdogo. Alinusa tu, akakimbia nje kutapika. Ningepigwa kofi ningeumia zaidi ya hapo? Hapana. Maziwa yetu! Nilikaa nayo mapajani kama mtu aliyekataliwa posa.

Halafu mambo yakageuka. Walikuwa wamempa na vidonge, na baada ya muda mashavu yake yakaanza kujaa. Uso ukawa mviringo, miguu ikawa minene. Wanawake wa sokoni walikuwa wanamsimamisha njiani, "Mashallah, Tume, umenona!" Unatujua sisi. Mnyama akinona mgongoni tunasema mvua imemwingia, maneno yamekwisha. Hata mimi nilimbonyeza kiunoni kama mtu anayechagua mbuzi, nikasema nyama imerudi. Tukachinja, tukaita watu, dua ya shukrani ikasomwa. Sori jirani yangu alilia kwa furaha na akala mbavu zote.

Tume akatuamini. Ramadhani ilipoingia akasema, kama nimenona mpaka mnachinja, basi nimenona vya kutosha kufunga. Sheikh mwenyewe alimwambia mgonjwa ana ruhusa ya kula. Akamjibu, "Mgonjwa ni nani hapa? Tazama mashavu." Ana ulimi kama wako. Akafunga. Magharibi akawa anakula tende na maji, anasema tumbo limejaa, analala.

Tulipofika Nairobi kwa dawa, sista mmoja, Mmeru, hakumtazama usoni hata kidogo. Alimbonyeza mguu kwa kidole, juu ya mfupa, na kidole kilipotoka shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. Kisha akamkunjia mkono wa gauni na kushika mkono wa juu. Ngozi ilining'inia. "Nyanya," akaniambia, "huu si unene. Haya mguuni ni maji, mashavu ni ya vidonge. Nyama yenyewe imeliwa." Daktari akakataa kumpa dawa. Akasema mwili uliochoka hivi haubebi dawa hii, itamuua kabla ya ugonjwa. Akapunguza vidonge. Akatuambia turudi nyumbani, ale, na tukirudi akiwa bado anaisha, wataacha matibabu kabisa.

Wataacha. Unaelewa, Talaso? Ugonjwa umo ndani, na dawa imefungiwa mlango kwa sababu ya chakula.

Yule sista alinifundisha pale pale kwenye benchi. Nisimjazie sahani, nimpe kidogo, tena kidogo, mchana kutwa. Chakula kiwe baridi kidogo ili harufu isipande. Maziwa yachemshwe, yasitiwe kwenye kitu cha moshi. Asukutue mdomo kwa maji ya chumvi kabla ya kula. Na mayai. Nilimwambia, sista, sisi si watu wa kula vitu vya kuku. Akasema, "Basi leo mmekuwa."

Nikarudi na mwanao na maneno hayo kichwani. Asubuhi nikamwambia, leo hufungi. Akalia. Hakulilia ugonjwa, alililia aibu. Mwanamke mzima Mwislamu, jiko linawaka adhuhuri, watoto wa mtaa wanapita! Akataka nimpikie ndani, nimfungie mlango. Nikasema siwezi kupika kama mwizi. Nililitoa jiko la makaa mpaka mbele ya nyumba, pale kila mtu anapopita, nikamwambia, "Mimi nitafunga, wewe utakula, tutaona nani atamchosha mwenzake."

Siku ya kwanza Sori alisimama kwenye ua na kiganja puani. "Mama wee, harufu hii itatuvunjia saumu!" Nikamwambia, "Ziba hiyo pua. Mimi niko karibu na sufuria kuliko wewe." Wengine walinong'ona. Nikapaza sauti ili wasichoke kunong'ona: hapa anapikiwa mgonjwa, mwenye swali aje na makaa. Kesho yake mke wa sheikh alikuja adhuhuri, jua la utosi, amebeba bakuli la mchuzi wa mifupa. Hakulifunika. Alipita nalo katikati ya mtaa, polepole, kila mtu aone. Baada ya hapo hata Sori akaja na makaa, na maneno yake akayaacha kwao.

Lakini kupika umefunga ni kazi, Talaso. Chumvi nilitia kwa kukisia, na siku moja nikakisia vibaya. Vidonda vya mdomo viliwaka mpaka Tume akanitukana kwa Kiborana kizuri sana; nilifurahi kuona bado ana nguvu. Nikaacha chumvi na pilipili kabisa. Nikawa nakoroga uji wa wimbi kwa maziwa yaliyochemshwa, natia samli kidogo tu, maana samli nyingi haikai tumboni, inatapikwa mlangoni. Nyama naiponda mpaka inakuwa laini kama ya mtoto asiye na meno. Nilikuwa namlisha kama tunavyomlisha mtoto wa mbuzi aliyefiwa na mamake, unamlambisha kidole, unangoja, unamlambisha tena, na unajifanya huna haraka.

Na mayai niliyanunua kwa mama mmoja Mmeru. Nilichemsha, nikaponda, nikaficha ndani ya uji. Alipoyajua alikuwa ameshayameza. Magharibi moja nilijaribu moja mimi mwenyewe. Lina ladha ya kitu kilichokuwa kinataka kuwa kuku kikaghairi. Usicheke.

Kuna siku alisukuma bakuli likamwagika. Akasema, "Mama mkubwa, niache nife kwa amani." Nilichoka, nilikuwa na kiu, jua lilikuwa kichwani. Nikamwambia, "Kufa utakufa, lakini utakufa umeshiba." Tulitazamana. Kisha tukaanza kucheka, yeye na kichwa chake kisicho na nywele, mimi na midomo iliyokauka, tukacheka mpaka Sori akaja kuchungulia kama tumepatwa na shetani. Nikapika tena. Akala.

Baada ya Idi tulirudi Nairobi. Alipanda mizani, na mshale wa mizani, Talaso, ukasimama chini ya pale uliposimama safari iliyopita. Chini! Nikafikiri juu ya kila bakuli. Nikafikiri nitaenda kukuambia nini.

Yule sista aliiacha mizani. Aliinama, akambonyeza mguu. Kidole kikatoka, shimo halikubaki. Akashika mkono wa juu, akaubana, akaubana tena, akaniita nishike na mimi. Kulikuwa na nyama, Talaso. Haikuwa nyingi, lakini ilikuwa ngumu, ya kweli. "Nyanya, maji ndiyo yameondoka," akasema. "Hiki kilichobaki ni chake." Daktari akaja, akashika pale pale tuliposhika sisi, akaagiza dawa iletwe.

Nilikaa kando ya kitanda nikiitazama inashuka, tone kwa tone, na nikaichukia na nikaiombea, yote pamoja. Usiniulize kama itamponya. Hawajui, na wakijua hawasemi. Bado kuna safari nyingine. Nyumbani alitapika, alilala ameelekea ukutani, nikajua tunaanza tena kutoka chini, nikaenda kuwasha jiko.

Sikuwa nimepuliza makaa vizuri nikasikia ananiita. Nikakimbia nikidhani ni ndoo ya kutapikia. Alikuwa amekaa. Akasema, "Mama mkubwa, nina njaa."

Mimi nimezaliwa na ukame na nimezeeka nao. Neno hilo nimelisikia maisha yangu yote, kwa watoto, kwa wageni, kwa watu wa kufa, na sijawahi kulipenda. Siku hiyo nililipenda.

Basi nenda ukapumzike, mwenzangu. Mungu akupanulie hapo ulipo. Nakuahidi hivi, na mwanao anaandika kwa mkono wake: maadamu mimi nina mikono, hatalala na tumbo tupu, akitaka, asitake. Na najua umemkumbuka, wewe ndiye uliyemzaa. Lakini usimngoje. Kama umetenga nafasi hapo kando yako, hiyo ni yangu mimi, na mimi sasa hivi nina kazi.

Dada yako wa nyumba moja,
Darmi