Mupira ya Majani ya Kambo Imefika Kipimo ya Chungwa

Katuba, Lubumbashi
Tarehe 16, mwezi ya tatu 2024

Mpendwa Yaya Victorine,

Ni miye Ephraïm, mudogo yako, njo ninakuandikia: ule muntu akitema mate juu ya simenti, asubuhi unakuta mahindi imeota. Usicheke. Kutoka Katuba mpaka Golf haiko mwingine mwenye mukono kama huu yangu, na hata kule Bulaya kwenu sizani kama beko naye.

Uko muzima? Shemeji Aristote eko muzima? Na batoto, baridi haibasumbue sana? Siye huku tuko, bukari tunakula, mvua inatunyeshea, kura ya umeme inakuja na inaenda kama mugeni mwenye haya, mara taa, mara giza. Mama eko muzima, mugongo tu. Kambo, ule mwenye alimuzaa Mama, eko muzima, macho tu. Miye niko muzima, hasira tu.

Ninakuandika pa karatasi sawa vile bantu ya zamani juu umenibloke ku WhatsApp. Yaya muzima, mwenye diplome, anabloke mutoto ya mama yake juu ya mupira ya majani! Haya, mubloke na Tata Émile kama unaweza. Njo anakuletea hii barua mu mufuko ya koti, na nimemwambia akae pale kwako mpaka umalize kuisoma yote.

Unakumbuka vile ulikuja mwaka ile ya ndoa ya ndugu yetu Mutale. Ulitoa mu valise bokali ya kioo yenye mayi, na mu mayi kamupira ka majani, kadogo sawa kale kadonge ka bukari muntu anafinya mbele ya kuchovya mu mboga ya sombe. Ukamupatia Kambo. Ukasema ni majani ya ziwa ya mbali, mayi inaizungusha mpaka inakuwa mupira. Kambo akakushika mukono, akalia, akakuuliza utarudia lini. Na weye, juu ya kukimbia machozi yake, ukamwambia: "Kambo, siku hii mupira itafika kipimo ya chungwa, nitarudia nyumbani."

Kambo alishika ile neno kama rozari. Weye uko majina yake, jina yake njo jina yako, na unajua vile anasema: "Miye moja eko Katuba, miye mwingine eko Bulaya." Kila jumapili, siku ya Mungu, akitoka ku misa, hata kitambaa ya kichwa hajavua, anaingiza mukono mu bokali. Anazungusha vidole ku mupira, kiisha anakamata chungwa, anazungusha vidole ku chungwa. Anasema: "Bado." Batoto bote ya lupango, uwanja yetu, banaitikia: "Bado, Kambo!" Na yeye anacheka nabo, anabagawia ile chungwa.

Na miye nilikuwa ninacheka. Mpaka siku moja kule Golf, mutaa ya batajiri, kwa Madame Nono, kwenye ninakata majani. Ule mama eko na akwariamu kubwa kama kitanda, samaki ndani, na ku chini mipira ya majani kama ile ya Kambo. Nikamuuliza: "Madame, hii inafika kipimo ya chungwa kiisha wakati gani?" Alicheka mpaka akakaa chini. "Ephraïm, mwaka muzima inaongeza kiasi ya mbegu ya mupunga tu. Ikifika chungwa, miye na weye tutakuwa mu makaburi." Akasema tena, kila mwenye kuiuza njo neno ya kwanza anakuambia.

Yaya, damu ilinipanda mpaka ku macho. Ulijua! Ulikosa roho ya kusema "Kambo, sijui kama nitarudia", njo ukamupatia muzee kintu yenye haikomale, ukamwambia angoje. Hata mwizi ya soko anakuogopa kidogo, anakimbia. Weye haukukimbia: ulikunywa fanta, ukapiga photo, ukapanda ndege pole pole.

Na usiniambie "Ephraïm, haujui maisha ya huku." Ni kweli, sijui. Lakini ninajua vidole ya Kambo mu ile mayi.

Basi nikajiambia: yeye aliweka kipimo, miye nitaifikisha. Madame Nono akanipatia ka chupa ka dawa ya kulisha majani ya mayi. Asema tone moja, nisirudilie mbele ya mwezi kuisha, mayi ikuwe ya baridi, jua isiiguse. Tone moja! Miye, mutoto ya mashamba ya Annexe! Kwetu mahindi inakula mara mbili: siku ya kupanda, na siku inafika pa magoti. Pale njo unaipatia urée, ile mbolea nyeupe kama chumvi, na mbele ya muda mingi majani inakuwa nyeusi juu ya kushiba. Ni Kambo mwenyewe alinifundisha. Nikasema mupira haina magoti, nitakadiria tu. Nikatia urée kijiko nzima, ya bukari, haiko ya chai. Nikaweka bokali pa dirisha ipate jua, juu haiko mahindi inakomala mu kivuli.

Ile iliyotokea uliiona ku photo nilikutumia: mupira ya rangi ya kahawa, inateleza kama bamia, na mayi yenye kunuka (ile harufu haukuipata, ulikuwa na bahati). Nilikuwa ninakulomba shauri. Na weye ulijibu namna gani? "Mujinga, masomo uliacha mu mwaka ya tatu, kazi yako ni kuharibu. Umeua kintu ya Kambo." Kiisha, bloke. Haukuuliza hata juu ya nini nilikuwa ninaipatia mbolea. Nani alianza kuua, Yaya? Miye na kijiko yangu, ao weye na chungwa yako?

Sasa sikia muzuri, na ukae chini. Leo mupira iko pa meza, kijani, na kipimo ni ya chungwa. Siku ya Mungu iliyopita Kambo alizungusha vidole. Akakamata chungwa. Akarudilia mupira. Batoto bakafungua midomo juu ya kusema "Bado." Kambo akasema: "Imefika." Alipiga vigelegele mpaka mama Chola wa jirani akaacha sombe ikiungua ku moto, akakuja mbio, akizani mutoto amezaliwa.

Tangu pale Kambo analala pa mukeka, juu kitanda ni ya weye. Jogoo mwekundu haiko muntu wa kumugusa, ni ya kukupokea nayo. Bamama ya kwaya bote banajua. Kila muchana anavaa kitenge ya ndoa ya Mutale, anaweka kiti mbele ya mulango ya lupango, na taxi ikipunguza mwendo anasimama. Haione, lakini anasimama. Mama akamwambia: "Mama, pengine Victorine eko na kazi mingi." Kambo akajibu: "Ule ni majina yangu. Miye sijadanganyaka muntu. Basi naye hadanganye."

Mama anakusalimia. Mutale na bwana yake banakusalimia, mutoto yao anatembea sasa. Mama Chola anakusalimia, na anauliza nani atamulipa sombe yake. Usalimie Shemeji Aristote na batoto, ubaambie niko nabo mu roho, hasira ni ya mama yao peke. Mungu akufungulie njia, na hii mara ile njia ielekee huku.

Nilitaka kufunga barua hapa, ningali mushindi. Lakini Tata Émile anasafiri kesho, na sina njia ingine ya kukuambia.

Ile mupira haiko mupira. Ya kweli ilioza, niliizika chini ya mupapayi. Nilikunja masashi ya plastiki na kamba, sawa vile tulikuwa tunafanya mipira ya kupiga mu barabara, weye ukiwa golikipa. Ndani niliweka jiwe juu isielee. Inje nikafunga na uzi ile majani ya kuteleza inamea nyuma ya tanki ya mayi. Kambo haione, na nilimwambia mbolea njo imeikomalisha mbio. Nilisema nitakukamata na neno yako mwenyewe, fimbo ikupate kule kule Bulaya. Niliinua fimbo juu yako, ikaangukia Kambo.

Kila asubuhi ninasema leo nitamwambia. Ninafika pa kiti yake. Anasogea kidogo, ananipatia nafasi, anauliza: "Ephraïm, ndege inafika saa ngapi?" Na miye, mwenye mudomo Katuba nzima inaogopa, ninajibu: "Iko njiani, Kambo."

Ni miye mudogo yako, mwenye kukupenda na hasira yote,

Ephraïm