Tulitikisa Saruji, Hatukutikisa Ubao

Majengo, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa, na Mama unayemsomea,

Nawasalimu nikiwa mzima, ila mikono tu ndiyo imekauka kwa saruji kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Macho ya Baba yanaendeleaje? Mama aliniambia kwamba siku hizi unamtambua mtu kwa mwendo wake kabla hujauona uso. Na mvua, imewafikia au bado inazungukazunguka kule vilimani? Yule mbuzi mweusi aliyekuwa akichechemea amepona?

Mama, nina ombi. Nakujua. Ukisoma barua kwa sauti unaruka mahali unapoona maneno yatamuudhi mtu. Leo usiruke. Soma yote, polepole, Baba akiwa ameketi mezani na chai yake. Nimeandika kwa sababu Baba hashiki simu. Kila nikipiga unaniambia amelala, amekwenda kwa jirani, anaoga. Ukambani nzima hakuna mtu anayeoga mara nyingi hivyo, Baba, na shida ya maji tunaijua.

Tangu niondoke na ule ubao wako sijatulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa. Leo kanisani tumeimba wimbo mzima na sikusikia hata ubeti mmoja. Mama mmoja aliyeketi kando yangu akaniuliza kama nimeacha jiko linawaka. Kila jioni huandika tarehe na mambo ya siku katika shajara yangu, kama unavyojua tabia yangu tangu sekondari, lakini wiki hii naandika mstari, naukata, naandika ule ule tena.

Nilipokuomba ubao ulisema, "Chukua. Kuni ni kuni." Kisha ukageukia upande mwingine. Maneno hayo nimekuja nayo hadi Nairobi, na ni mazito kuliko ubao wenyewe.

Mimi nilikuwapo siku ile ya ukuta wa kanisa. Nilikuwa msichana wa kubeba maji. Ulikuwa umechonga yule ndege kanga kwenye ubao huo, kwa ndani, kinyume, ili saruji ikimiminwa na kukauka atoke akiwa ameinuka: mkia, mabawa, madoa yake yote, shingo, na kile kipembe cha kichwani. Fundi wa kanisa aliona saruji yake ni nzito, haiingii kwenye shingo, akaniita nilete maji. Nikaleta. Akaniita tena. Ilitiririka vizuri sana. Lakini walipofungua, kila kanga alikatika shingoni. Na yule mzee wa zaka akacheka mbele ya watu wote, akasema, "Kioko ametuletea kanga ambao wameshachinjwa!" Ulibeba ubao wako, ukaupandisha darini, na tangu hapo hukuchonga kitu chembamba tena. Vijiko, vigoda, basi. Ukasema shingo uliichonga nyembamba mno, kosa ni la mkono wako.

Mama, kama umeruka hapo, rudi.

Sasa niwaeleze habari za huku. Karakana ya Mzee Wekesa, huku Shauri Moyo, ndiyo inayonilisha bado. Tunatengeneza nguzo za ua, vigae vya uani, na yale matofali yenye matundu ya kupitisha hewa. Mimi kazi yangu ni kuchanganya. Mzee Wekesa ni mtu wa magharibi, alifanya kazi ya reli miaka mingi kabla ya kuingia kwenye saruji, na ni mtu mwema ila hana subira. Alikuja mama mmoja anayejenga nyumba mtaa wa Fedha, akauona ubao wako umeegemezwa ukutani. Akaupapasa. Akauliza kama anaweza kuwekewa ndege hao kwenye ukuta wa lango lake, kuuzunguka wote. Mzee Wekesa akajibu ndiyo kabla sijafungua mdomo. Mama yule akasema, "Kwanza nionyesheni mmoja mwenye kichwa. Ndipo tuzungumze."

Alipoondoka tu, Mzee Wekesa akasema, "Weka kwenye meza."

Meza hiyo ni ya chuma, ina mota chini yake. Ukiweka kalibu iliyomiminwa saruji juu yake inaitikisa mpaka saruji inashuka kila pembe. Kwa kalibu za chuma ni sawa. Lakini ubao wako ni mbao mbili za mti wa mukau zilizounganishwa kwa vigingi vya mti, hauna msumari hata mmoja. Nilishaona meza ile ikikifungua kisanduku cha mbao chenye misumari, sembuse vigingi.

Nikamwambia, "Mzee, meza itaupasua."

"Basi ongeza maji."

"Maji ndiyo yaliyowachinja wale wa kwanza."

Akaweka mikono kiunoni. "Meza hutaki. Maji hutaki. Sasa Mkamba wangu, unataka simiti iombewe?"

Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nilitembea kutoka Shauri Moyo hadi hapa Majengo jioni hiyo nikapita mlango wangu bila kuuona.

Jibu lilikuja kwa njia ya kawaida tu. Nilikuwa nimekoroga saruji kidogo kwenye kopo, nzito, maji machache, kijiko kinasimama chenyewe. Mtu akaniita, nikaliweka kopo juu ya kifuniko cha injini ya mashine ya matofali, injini ikinguruma. Niliporudi kijiko kilikuwa kimelala. Nikadhani kuna mtu ameongeza maji. Nikatazama: saruji imelainika, uso wake unang'aa kama uji, mabonge hayapo. Injini ikazimwa. Baada ya muda mfupi nikakivuta kijiko, kikakataa. Saruji imeshikana tena.

Nikamwomba Ochi, mchomeleaji wetu, awashe injini tena.

"Sasa Nduku, umeanza kupika kwa injini?"

"Washa tu, bwana."

Akawasha. Kijiko kikalala tena. Ochi akainama, akatazama, akasema, "Wah. Hii simiti inaogopa kelele."

Haiogopi kelele, Baba. Nimeitazama sana na nadhani nimeielewa. Saruji ikikutana na maji hujikunja vijibonge vidogo, na kila kibonge kinaficha maji ndani yake. Sisi tunaona imekuwa nzito, tunaongeza maji, na yale ya ziada yakikauka yanaacha udhaifu. Lakini ukiitikisa wakati ule ule unapoichanganya, vibonge vinaachia maji viliyoficha. Maji yalikuwapo tangu mwanzo. Yalikuwa yamefungiwa tu.

Basi nikamwambia Mzee Wekesa: tusiutikise ubao, tuitikise saruji kabla haijaufikia. Akanitazama kama mtu anayesubiri treni iliyochelewa. Akasema, "Jaribu. Lakini mteja anarudi katikati ya wiki."

Ochi alikata pipa katikati, tukalikalisha juu ya vipande vya tairi ili licheze. Akachukua mota kuukuu, akafunga kwenye mhimili wake kipande cha chuma kizito upande mmoja tu, ili ikizunguka ipepesuke. Akaichomelea ubavuni mwa pipa. Ilipowashwa mara ya kwanza pipa lilitembea lenyewe kuelekea barabarani na watu wakalishangilia. Tukalifunga kwa mnyororo.

Jaribio la kwanza, kwenye beseni la plastiki, liliharibika. Nilitikisa mno, mchanga ukazama chini, maji yakapanda juu, katikati hakuna la maana. La pili nilikoroga kwa mwiko huku pipa linatetema, nikasimama mara tu uso ulipoanza kung'aa, nikamimina hapo hapo kabla haijashikana. Lilitoka safi. Alama ya jina la kiwanda iliyo chini ya beseni ilisomeka kwenye saruji, herufi zote.

Jana ndipo nikamimina kwenye ubao wako. Niliupaka mafuta ya kupikia kwanza, nikaulaza kwenye mchanga, mbali na kila kitu kinachotetema. Nilimimina kutoka upande wa mkia, taratibu, ili saruji iisukume hewa mbele yake mpaka kichwani. Niliiona ikiingia shingoni yenyewe, bila mtu kuigusa. Sasa iko chini ya magunia mabichi. Leo nikitoka kanisani nimepita kuinyunyizia maji, nikainua pembe ya gunia kidogo. Ochi, ambaye hata Jumapili hakosi pale, akapiga kelele: "Acha kufunuafunua! Kwani ni mandazi?"

Nimerudi chumbani. Siwezi kula. Wengine wote wakiona imekatika watasema ni saruji tu, tutajaribu tena. Mimi nitajua kwamba ulisema kweli, kwamba shingo ni nyembamba mno, na nimeuteremsha ubao kutoka darini ili kuja kukuthibitishia jambo baya. Naiacha barua hapa. Sitaituma kabla ya kufungua.

Jumatano jioni

Tumefungua.

Mama, ukifika hapa, acha kusoma. Muthoka, anayewaletea barua hii kwa lori lake, ameleta pia gunia lenye pumba za mbao. Nimemwagiza asiseme lolote, ingawa najua ndugu yangu na mdomo wake. Fungua gunia, toa kilicho ndani, kiweke mapajani mwa Baba. Ni kizito, mshikie. Mwache akishike kwa muda anaotaka. Kisha ndipo uendelee.

Baba, huyo ni kanga wako.

Anza mkiani. Panda na mgongo, utayakuta madoa. Nimeyapapasa yote mimi mwenyewe nikiwa nimefumba macho, nikitaka kujua utahisi nini. Chini ya bawa la kushoto utapata kitundu kidogo kama punje ya mtama. Hapo hewa ilikwama. Kitundu hicho ni changu, ni umiminaji wangu, usikihesabu kwako. Sasa panda shingoni. Polepole. Shingo nzima ipo. Kipembe kipo. Hata ule mkunjo mwembamba ulioweka chini ya jicho, ambao mimi sikuwahi kujua kama upo mpaka saruji iliponionyesha.

Hukuichonga nyembamba mno. Uliichonga ilivyotakiwa, na sisi tukaimwagia maji.

Ubao wako haukupata hata ufa. Mzee Wekesa alimgeuza kanga huyu huku na huku kwa muda mrefu, na kwa mtu asiye na subira hilo ni jambo kubwa. Mwishoni akasema, "Aliyechonga hii ni nani?" Nikamwambia ni Baba. Mama wa Fedha alikuja, akampiga picha, akasema, "Huyu ana kichwa," akataka ukuta mzima. Mzee akataka tuanze kesho asubuhi.

Nikamwambia, "Ubao huu una mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Nyumbani. Anaoga."

Hakuelewa, na sikumweleza. Amekubali kusubiri kidogo, lakini nimeshawaambia hana subira. Ubao nimeufunga kwenye shuka langu na kuuweka chini ya kitanda. Sitamimina mwingine mpaka nisikie neno lako, na nalitaka kutoka kinywani mwako, Nau, baba yangu, si kwa Mama. Kama bado ni kuni, niambie hivyo, nami nitaurudisha na Muthoka ukauweke unapotaka. Kama si kuni, niambie pia. Na uniambie ubao wa mukau unapenda mafuta gani, kwa maana nimeupaka ya kupikia na sina hakika kama nimeutendea haki.

Nisalimieni shangazi na mmwambie zile mbegu za kunde nimezipata. Nisalimieni dada yangu mdogo, asome. Jirani yetu wa bondeni, aliyenipa pumba hizo za mbao nilipokuwa napakia ubao, mshukuruni tena. Zimetumika kwenda na kurudi. Na yule mzee wa zaka, akipita, mpeni kiti na chai. Kisha mwekeni kanga mahali atakapomwona.

Simu yangu haizimwi. Hata kwenye kelele za karakana naibeba mfukoni, nikiihisi ikitetema nitajua ni wewe, Baba.

Ni mimi binti yenu, mwenye saruji kwenye nywele,
Nduku