Sentensi Uliyomjibu Mkeo

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Duka la Vyuma
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Hilo "mpendwa" nimeliandika kwa mazoea, usilitilie maanani. Hujambo? Mkeo na watoto hawajambo? Sisi wazima. Mama magoti yamepoa, siku hizi anapanda ngazi bila kushika ukuta. Anasema anafanya mazoezi ya ngazi za kwenu.

Ulipomwahidi kwamba mwaka huu atakuja kukaa nanyi, uliniambia nijifunze Kijerumani kidogo nimsindikize. Labda ulikuwa unatania. Mimi nikajiandikisha. Huu ni mwezi wa saba tangu nianze, nikishafunika cherehani naenda kukaa darasani na mabinti ambao ningeweza kuwazaa. Mwalimu wetu, ambaye asipokuwepo tunamwita Bi Kitenzi, hana masihara. Sentensi ya kawaida, kitenzi kikae nafasi ya pili. Lakini ukishatamka "weil", yaani "kwa sababu", kitenzi kinafukuzwa mpaka mwisho kabisa. Nimelikosea hilo mpaka nikatoka machozi, mtu mzima mimi.

Jumamosi ile ulipopiga simu, mama aliweka sauti kubwa ili nami nikusikie. Ukamwambia viza bado inasumbua, avumilie. Kisha mkeo akakuuliza kitu pembeni, nawe ukamjibu kwa Kijerumani. Mama akatabasamu, anavyopenda kukusikia ukiongea lugha za watu! Ukasema "weil". Nikaweka mkasi chini, nikasubiri kitenzi. Mimi... mama yangu... hapa kwetu... Kilipofika, kilikuwa cha kumkataa. Humtaki.

Nilimwambia mama palepale. Unajua alinijibu nini?

"Wewe hiyo lugha hujaijua. Mwanangu hawezi kusema hivyo. Kamuulize mwalimu wako."

Jumatatu nikaenda. Niliiandika sentensi yako ubaoni, neno kwa neno, bila kusema ni ya nani. Tangu nizaliwe sijawahi kuomba niwe nimekosea. Siku hiyo niliomba. Bi Kitenzi akaisoma mara mbili, chaki mkononi.

"Safi kabisa," akasema. "Kila neno limekaa mahali pake."

Darasa zima likanipigia makofi. Niliwachukia wote, na wewe kuwapita.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amesimama mlangoni. "Haya, kasemaje?"

"Nimekosea, mama. Nilichanganya maneno."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Akaniita kichwa maji, akarudi kufuma sweta la mwanao mdogo, lile la kijani, limebaki mkono mmoja. Usidhani nilikusitiri wewe. Nilishindwa kumtazama usoni, basi.

Sasa nisikilize. Hadithi ya viza iishe. Mpigie mama umwambie mwenyewe, kwa Kiswahili, asikie kwa masikio yake. Mimi sitakutafsiria tena. Na kama utamwacha aendelee kufuma na kupanda ngazi, usinihesabu dada.

Nisalimie wifi. Yeye sina neno naye, maana swali lake pia nililielewa: alikuuliza mama anafika lini, atandike kitanda.

Wabusu watoto. Mungu akujalie maisha marefu, mdogo wangu, na siku utakapozeeka ukabisha hodi kwao, wakufungulie.

Ni mimi dada yako, kwa sasa.