Taa Zote ni za Kijani

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba lile jino lililokuwa likikunyima usingizi umeshaling'oa. Sisi huku tunakula, tunalala, tunaamka. Mengine nitakueleza taratibu.

Niruhusu nianze na raha, maana nilikuahidi kwamba nikiolewa nitakuandikia kila kitu. Dada, nimependwa! Sijui niseme vipi usinicheke. Jioni nikiingia, kabla hata sijavua viatu, shemeji yako ameshaniita malkia wake kutoka chumbani. Tukishuka ngazi lazima tushikane mikono, na majirani wa chini wametubandika jina, Chanda na Pete. Asubuhi anaushika uso wangu kwa viganja vyote viwili na kuutazama kwa karibu, pua kwa pua, mpaka nasahau kwamba nina kazi ya kwenda. Ninafika dukani, pale kwa vitambaa, na tabasamu ambalo wateja wanadhani ni lao.

Unajua kwamba aliacha kuendesha gari la mkate. Sasa kazi yake iko hapa nyumbani. Anatumiwa mikutano ya watu iliyorekodiwa, anavaa hedifoni, anasikiliza na kuchapa kila neno. Anachapa bila kutazama vidole, kama mvua juu ya bati. Mshahara wangu unaishia kwenye kodi ya nyumba, kwa hiyo tunachokula kinatoka kwenye vidole vyake. Bila intaneti hafanyi chochote, na msimamizi wake, mama mmoja asiyejua mzaha, alikuwa ameshamwonya kwamba akichelewesha kazi tena atatafutiwa mtu mwingine.

Basi juma lililopita intaneti ikagoma.

Tuna vyombo viwili, dada. Kimoja ni modemu, inakaa dirishani, ina laini ndani yake kama ya simu, na ndiyo inayonasa mtandao kutoka hewani. Kingine ni ruta, iko kwenye rafu kando ya meza yake, na ndiyo inayougawa mtandao humu ndani. Kati yao kuna waya mmoja. Waya huo niliuchomoa mimi mwenyewe nilipokuwa nafuta vumbi. Nilitaka kuurudisha, akasema niache, atauchomeka yeye, mikono ya malkia ipumzike. Nikambusu nikaenda kuosha vyombo.

Tangu saa hiyo simu zetu zilisema zimeunganishwa na ruta lakini intaneti hakuna. Nilipounganisha simu yangu na modemu moja kwa moja, bila kupitia ruta, ilifunguka palepale. Kwa hiyo modemu ilikuwa nzima. Lakini kompyuta yake ni kuukuu, haijui kunasa mtandao wa hewani, inataka waya kutoka kwenye ruta, na waya wake haufiki dirishani. Tukampigia fundi tunayemwita Antena kwa urefu wake. Alikuwa safarini kikazi, akasema atasaidia kwa simu.

Mimi nikiwa dukani, walishinda kwenye simu wao wawili. Antena alinisimulia baadaye, nusu anacheka nusu amechoka. Alimuuliza shemeji yako taa zipi zinawaka kwenye ruta, akajibiwa zote ni za kijani. Akamuuliza kama waya wa modemu umeingia kwenye tundu la bluu, lile lililojitenga, na si yale ya njano yaliyojipanga. Akajibiwa ndiyo, la bluu, analiona. Akamwambia abadilishe waya. Ukabadilishwa, hakuna kitu. Mwisho Antena akamwambia, "Bosi, kama kila kitu kiko hivyo unavyosema, basi ruta yako ina mapepo, na mimi ni fundi, si mwombaji."

Siku ya pili yake msimamizi akapiga simu, akampa mpaka asubuhi. Shemeji yako hakula. Alikaa mbele ya kompyuta na hedifoni masikioni, hasikilizi kitu. Nilipompigia kutoka dukani alijibu kwa sauti ya mtu aliyefiwa, nikaomba ruhusa, nikatoka mapema.

Nilifika jua bado linaingia dirishani. Nikamwambia asogee, nitajaribu mimi na Antena. Dada, kwa mara ya kwanza tangu tuoane alinikaripia. Alisema vitu vyake nisivishike, kwani mimi ni nani, fundi? Papo hapo akaomba msamaha, akanishika bega. Nikapiga magoti mbele ya rafu, simu sikioni. Antena akanielekeza nizime kila kitu, modemu na ruta, ningoje kidogo, kisha niwashe modemu kwanza. Nikachomoa zote mbili ukutani. Nilikuwa bado nimezishika plagi mkononi wakati shemeji yako aliposimama nyuma yangu, akainamia rafu, akasema kwa furaha ya mtu anayetaka kunifurahisha baada ya kunikaripia, kwamba haya sasa, umeona, taa zote ni za kijani, mke wangu amempita Antena.

Nikacheka. Nilidhani ni utani wake. Nikageuka nimwone anavyojizuia kucheka, nikamkuta anatabasamu tu, macho yamekaza kwenye ruta, anangoja nishangilie. Na ruta ilikuwa imezima kabisa, nyeusi kama jiwe.

Nikamwambia Antena nitampigia tena.

Nilitazama nyuma ya ruta. Waya ulikuwa kwenye tundu la njano. La bluu lilikuwa tupu. Nikauhamisha, nikawasha, taa zikaja moja baada ya nyingine, na kompyuta ikaanza kupokea kazi. Alikaa akachapa mpaka akamaliza yote aliyokuwa akidaiwa. Kazi ilipona. Nilikaa nyuma yake nikitazama maandishi ya kwenye kompyuta, makubwa kama ya bango la dukani, ambayo siku zote aliniambia yanampumzisha kichwa.

Alipovua hedifoni ndipo akaniambia. Ni presha ya macho. Imeshakula pembeni kote, imebaki katikati kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na hapo nako kuna ukungu na rangi zimekimbia. Matone anayodondosha machoni kila asubuhi, ambayo aliniambia ni ya vumbi, ndiyo dawa yake. Gari la mkate aliliacha kwa sababu alimgonga mama mmoja aliyekuwa akivuka, hakumwona mpaka aliposikia anapiga kelele. Mama yule alipona. Yeye hakushika usukani tena. Ule waya aliuchomeka kwa kupapasa, na kwa kidole matundu yote ni mamoja. Antena alipouliza habari za taa, alimjibu vile alivyokumbuka zinavyotakiwa kuwa.

Jana tulikwenda hospitali pamoja. Daktari alirudia mbele yangu kwamba kilichokwenda hakirudi, dawa zinachelewesha tu. Tuliporudi nilibandika kipande cha turubai juu kidogo ya tundu la bluu, ili vidole vyake vilijue.

Sasa nifike kwako, dada yangu. Nilimuuliza kwa nini alinificha. Akasema hakuwaficha watu wote. Siku aliyokuja kujitambulisha nyumbani, ulipomsindikiza hadi getini, alikueleza yote, akakuomba unitafutie namna ya kuniambia. Ukamwambia anyamaze. Ukasema mimi ni mtu wa ndoto, nikisikia nitakimbia, lakini nikishakuwa na nyumba yangu nitazoea. Nilimwambia haiwezekani, dada yangu hawezi. Akanirudishia maneno yako kama yanavyotoka kwako, hata ule mtindo wako wa kusema "huyu mdogo wangu namjua." Unajua ana masikio gani.

Sijuti kuolewa naye. Hivi ninavyoandika anachapa chumbani, na moyo wangu unaruka bado nikimsikia akikohoa. Ungeniambia, ningelia mpaka macho yavimbe, halafu ningekubali. Ningekubali huku najua ninakubali nini. Hilo ndilo mliloninyima. Siku ya harusi, mbele ya watu wote, nilisema ndiyo kwa sauti kubwa mpaka wakacheka, na wawili kati yenu mlijua kwamba sijui ninachojibu.

Yeye nimemsamehe, kwa sababu aliogopa kunikosa. Wewe uliogopa nini? Niandikie hilo kwanza, kabla ya habari nyingine yoyote.

Mama usimwambie. Nitakwenda kumwambia mwenyewe, ili walau yeye aisikie kwa mwenye habari. Watoto wabusu kwa niaba yangu, na yule mdogo mwambie kitambaa cha gauni lake nimeshamkatia. Shemeji yako anakusalimu. Hajui ninakuandikia nini, na sikumsomea.

Ni mimi mdogo wako,
usiyemjua.