Mkebe wa Daraja la Kwanza

Jumatatu, 3 Juni

Mia moja sabini na tisa! Ndizo alama zangu za juzi, na leo zimebandikwa ukutani klabuni, kila mwenye macho azione. Risasi ishirini, katikati ni kumi, jumla mia mbili. Mimi ambaye sijashuka chini ya mia themanini na saba tangu — hata sikumbuki. Miaka kumi na tatu nimo kwenye timu ya watu wanne.

Kocha amesema nafasi tatu zimejaa. Ya nne itashindaniwa Jumamosi ya tarehe 15. Washindani ni wawili: mimi na binti yangu. Mwanangu wa kumzaa! Mimi ndiye niliyemfundisha kushika bunduki ya upepo, akiwa bado na sare za shule. Siku hizi ni muuguzi, anakuja mazoezini na viatu vyeupe vya wodini. Amenipa mkono, akasema, haya Baba, tukutane tarehe kumi na tano. Nikacheka. Cheko la mdomoni tu.

Tatizo ni risasi. Nina uhakika. Bunduki ni ileile. Macho ni yaleyale, daktari wa macho aliyapima Machi akayasifu. Risasi za siku hizi ndizo mbovu, hakuna kingine.

Nimefika nyumbani, mke wangu akanitilia chai nusu kikombe. Siku hizi anabana hata chai.

Jumanne, 4 Juni

Nimeleta mizani kutoka dukani kwangu, ninapotengenezea saa. Ile ndogo ya kupimia vito, inayosoma hadi sehemu ya elfu ya gramu. Ukiipumulia tu inabadilisha mawazo. Nimefunga dirisha, nimezima feni na redio. Mezani pangu pamekuwa kama chumba cha upasuaji.

Risasi zenyewe ni vitu vidogo kuliko punje ya mahindi. Kichwa bapa, kiuno chembamba, nyuma sketi, ukingo mwembamba uliotanuka. Sketi ndiyo inayobana mtutu na kukamata upepo. Moja nzito, moja nyepesi, moja imekaa upande — halafu unajilaumu wewe! Kiwandani wanazimwaga mikebeni kama karanga, mia tano mia tano. Hawajali.

Utaratibu wangu: kila moja inapandishwa kwenye mizani kwa kijiko cha chumvi. Isiyofika uzito inamwagwa na kijiko kilekile kwenye mkebe wa pili, hatujuani tena. Iliyofika nainyanyua kwa kibano, naibingirisha juu ya kioo kilichoinama. Ikienda njia ya wenzake, naichukua tena kwa kibano, naigeuzageuza chini ya lenzi ya jichoni. Ikipita hapo, daraja la kwanza. Sizigusi kwa vidole kabisa. Jasho ni adui.

Mke wangu amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Eti miaka thelathini sijamchambulia hata kikombe kimoja cha mchele, leo nachambua vyuma! Nikamwambia mchele haupigiwi alama. Akasema, ngoja siku utakapokuta sufuria tupu, ndipo utajua unapigiwa.

Nimepima mia na ishirini. Shingo inauma. Raha tupu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemaliza! Daraja la kwanza, mia moja thelathini na nane. Zilizobaki zote, mia tatu sitini na mbili, ni la pili. Nimefunga mikebe yote miwili, nikaandika chini ya kila mmoja kwa kalamu ya wino mzito: I na II, na tarehe. Fundi saa haachi kitu bila alama. Kalamu yenyewe imechoka, mistari imetoka kama nyayo za kuku.

Jioni binti yangu alipita akitoka zamu. Akaona mizani, akajua. Baba, na mimi nigawie basi.

Nikampa mkebe. Wa pili.

Akauliza, zimechambuliwa? Nikasema, zimechambuliwa. Sikudanganya. Zimechambuliwa — zikakataliwa. Akanishukuru, akanibusu kwenye paji la uso, akaondoka na viatu vyake vyeupe. Mke wangu alinitupia jicho la pembeni ambalo nimekaa nalo mpaka sasa.

Ni mashindano. Mwaka ujao nafasi itakuwa yake. Kwani nina miaka mingapi mingine ya kulenga? Yeye anayo thelathini mbele yake. Nimejieleza vizuri, halafu nikajieleza tena.

Jumamosi, 8 Juni

Mimi, daraja la kwanza: 176.

Yeye, mkebe wa makapi: 186.

Kocha akapitisha karatasi zetu mbili dirishani kwenye mwanga, akauliza kama baba na mwana tumebadilishana mikoba kwa makosa. Watu wakacheka. Binti yangu hakucheka. Alikuwa ananitazama, si usoni, chini kidogo. Nikaingiza mikono mfukoni.

Matundu yangu yametawanyika hata sioni yanachokitafuta. Moja limegusa nne. Nne! Mara ya mwisho kupiga nne nilikuwa na nywele.

Mizani ina kasoro. Lazima iwe mizani.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeijaribu mizani kwa mawe yake yote. Haina kasoro hata chembe.

Dukani, mama mmoja kaleta saa ya marehemu mume wake, imesimama. Kazi ya dakika ishirini. Parafujo ikaruka kutoka kwenye kibano. Nikapiga magoti na sumaku, nikaipata chini ya kabati. Ikaruka tena. Mama akasema kwa upole kwamba anaweza kurudi kesho. Nikamwambia ni feni hii, inapeperusha kila kitu.

Nilipoinuka kuizima nikakuta haijawashwa.

Jumatano, 12 Juni

Leo nimefunga duka mapema. Nimemwaga daraja la kwanza mezani, juu ya karatasi nyeupe. Zimebaki mia moja na kumi na nane. Nimevaa lenzi, lakini safari hii sikutazama vichwa. Nilizisimamisha kwa ncha ya sindano, nikachungulia sketi.

Ya kwanza: sketi si duara. Ina vibonyeo viwili, huku na huku, vinaelekeana. Nikafikiri, basi, hiyo moja. Ya pili, vilevile. Ya tatu. Ya kumi. Nimetazama arobaini. Zote! Pande mbili, upana uleule.

Nikachukua kibano changu nikakiweka juu ya vile vibonyeo. Kimekaa barabara.

Kwa hiyo ni mimi. Risasi ni laini, ukiibana zaidi ya inavyotaka inakubali tu, haisemi. Zile nilizozipenda ndizo nilizozishika mara mbili, tatu, nikazigeuza na kuzigeuza. Zile za mkebe wa pili karibu zote zilipita kwa kijiko tu, hakuna kibano kilichozigusa, zikabaki jinsi zilivyotoka kiwandani. Nimeharibu nzuri, nikampa mwanangu nzima nikidhani nampa mbovu.

Nilicheka peke yangu dukani. Kweli nilicheka. Halafu nikakiweka kibano chini.

Kwa sababu kibano hiki nimekishika miaka thelathini na moja. Nanyanyua nacho springi nyembamba kuliko unywele, na sijawahi kuacha alama. Sijawahi! Mkono wangu unajua kubana kiasi gani, hauulizi. Kwa nini ubane hivyo?

Mtu hubana sana anapoogopa kitu kitamponyoka.

Nikanyoosha mkono wa kulia mbele yangu, nikalaza karatasi juu ya mgongo wa kiganja. Ukingo wa karatasi ulikuwa unatetemeka. Nikafunga mlango. Ukaendelea. Nikashusha pumzi kama kwenye mstari wa kulenga, nikahesabu hadi ishirini. Ukaendelea.

Naogopa. Naandika hivyo hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Timu ni timu, wataishi bila mimi. Lakini fundi saa bila mkono ni nini? Ni mtu mwenye duka la betri na mikanda.

Alhamisi, 13 Juni

Asubuhi nikamwambia mke wangu aache ubahili, ajaze kikombe. Akajaza hadi ukingoni, akaniwekea mbele.

Nilikinyanyua. Chai ikamwagika kwenye kisahani, kwenye kitambaa cha meza, kwenye suruali. Hakusema, unaona? Alichukua tu kitambaa akafuta. Akasema amekuwa akinitilia nusu tangu Januari.

Januari! Miezi mitano anajua, na mimi namwita bahili.

Nikamuuliza, mwanao anajua? Akasema muulize mwenyewe, ni mtu mzima, na kazi yake ni hiyohiyo.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nikiwa klabuni, kwenye benchi la nyuma. Kabla ya kulenga huwa naandika hali ya hewa na mkebe ninaotumia. Watu wamezoea kuniona na daftari.

Hewa: imetulia. Mkebe: sijui.

Binti yangu amemaliza. 184. Si vibaya, ingawa mbili za mwisho alikimbilia, nimemwona, bega lilishuka mapema. Zamani ningeinuka nimwambie. Nimekaa.

Ninahitaji 185. Kocha amesema dakika kumi, waweke karatasi mpya.

Amekuja akaketi karibu nami, bunduki yake tayari imo begani kwenye mfuko. Nikaona bora niseme sasa. Nikamwambia, mwanangu, ule mkebe niliokupa ulikuwa makapi. Nilijiwekea nzuri.

Akasema anajua. Nikamuuliza amejuaje. Akatoa mkebe, akaugeuza chini juu. II, na tarehe. Baba, umeandika mwenyewe, akasema, nani mwingine anaandika alama chini ya mikebe?

Nikasema, na hukukasirika? Akasema alikasirika hadi alipofika kituo cha basi. Halafu akakaa anautazama ule mwandiko. Hizi II zako, Baba. Kila mstari una mawimbi. Saa zote ulizonitengenezea tangu nikiwa mdogo zina jina langu kwa ndani, kwa herufi ndogo kuliko sisimizi, hakuna hata moja yenye wimbi.

Nikalaumu kalamu. Hata mimi nilijisikia ninavyoilaumu.

Akafungua mkebe. Zimebaki nyingi, akasema, na zinapiga vizuri, tumia hizi. Akauweka mapajani mwangu. Kama ni risasi, zitakuonyesha. Kama si risasi — akavuta kiti kutoka ukutani, akaketi mbele yangu, magoti kwa magoti, jinsi wanavyokaa na wagonjwa.

Nyoosha mikono, Baba. Yote miwili. Vidole mbali mbali.

Nikamwambia nina kalamu mkononi, haoni ninaandika? Akasema anaona.

Kocha ameita jina langu. Ameita mara ya pili. Binti yangu ameinua kiganja kumwonyesha Kocha angoje, bila kugeuka. Kingine amekiweka wazi mbele yangu, juu ya goti lake. Hakitikisiki hata kidogo. Mkono mzuri. Ungefaa kwa saa.

Nimemwambia aniache kwanza nimalize mstari huu. Amesema nimalize, hana haraka. Nimeumaliza, na bado naandika.