Choroa Hana Kisima

Kambini, jangwani, Namibia

Dada yangu Mama Eliya,

Kabla ya lolote, ujue kwamba mdogo wako sasa ndiye mtu anayetegemewa kuliko wote katika jangwa hili. Bosi mwenyewe, Mzungu mwenye ndege yake, hanywi chai kabla hajaniuliza, "Lameki, leo kukoje?" Nikitazama milima nikasema kwema, magari yanawashwa. Nikikunja uso tu, matajiri wanarudi kitandani.

Vipi huko Isansa? Mgongo wa mama umepoa, au bado anainuka kwa kushika ukuta? Shemeji amemaliza kupalilia? Kahawa imechanua, au mvua imewachezea tena? Nakuuliza haya nikiwa nimekalia ndoo nyuma ya jiko, maana mtandao wa simu haufiki hapa. Barua itakwenda na gari la vyakula mpaka bandarini, apewe yule dereva wa Chapwa aliyenileta huku nikiwa utingo wake. Akifika Tunduma atakutafuta. Mpe chai, ila usimsikilize sana, ana maneno yule.

Ukiniuliza mimi, mwili ni mzima. Moyo ndio sina hakika nao. Dada, naogopa. Neno hilo nimeliandika na sitalifuta, kwa hiyo soma taratibu.

Nchi hii nikuelezeje? Chukua barabara yote kutoka Tunduma mpaka Vwawa. Ng'oa nyumba, ng'oa migomba, ondoa watu na kelele zao, halafu mwaga mchanga mwekundu urefu wa mlima. Ndipo hapo. Wageni wanalala kwenye mahema yenye vitanda vikubwa kuliko sebule yako, na bafu jeupe limewekwa nje, mtu anajiloweka huku anatazama milima. Wanakuja kuona tembo wanaoishi kwenye mto usio na maji, na simba wanaotembea mchangani, na wenyeji wa huku ambao lugha yao ina milio ya ulimi. Neno moja nililojifunza nililisema mbele yao, wakacheka mpaka chai ikapoa.

Mwenyeji mmoja ni Frieda, mwanamke wa rika lako, mdomo wake kama wembe. Ndiye anayewaonyesha wageni nyayo, na matikiti ya miiba yanayoota mchangani, ambayo watu wake wameyala na kuyanywa tangu mababu. Frieda akitazama chini anakuambia nani kapita na alikuwa na haraka gani.

Mimi nilipataje kazi? Bosi aliposikia natoka Tanzania aliniuliza kama najua simba. Nikamwambia nimekulia nao. Usicheke, Dada. Nani angeniajiri kwa kusema nimekulia na kahawa? Akanipa kofia pana na nguo za kaki, akaniweka kwenye chakula cha nje. Kila asubuhi tunabeba meza mpaka katikati ya mchanga, tunatandika kitambaa cheupe, glasi, barafu kwenye ndoo inayong'aa. Wageni wakila, mimi nawapa hadithi za simba wa Mbozi. Mpaka leo nimeshaua watatu kwa mkuki mmoja.

Sasa juma lililopita alikuja bibi mmoja Mjerumani, anaitwa Greta, mwalimu mstaafu, magoti mabovu, anatembelea fimbo. Asubuhi hiyo Frieda na dereva waliwapeleka wenzake kuona tembo. Bibi akabaki mezani na mimi. Frieda kabla ya kupanda gari akaninyooshea kidole.

"Mtu wa Serengeti, sikia. Ukungu ukitoka baharini, kaa hapohapo. Hata kama umebanwa na haja, kaa."

"Mama, ukungu mimi naujua. Kwetu Isansa unaingia mpaka kwenye sufuria."

"Huu hauingii kwenye sufuria. Huu unakula watu."

Wakaondoka. Bibi Greta akamwona choroa kwa mbali. Choroa ni swala mkubwa kama ndama, pembe zake ndefu zimenyooka kama mikuki miwili. Bibi akatamani amwone karibu. Mimi nikasema, twende, yule ni kama mbuzi wangu. Tukaenda polepole, yeye na fimbo yake, mimi mbele na kofia. Choroa anasogea, na sisi tunasogea. Tulipokuwa nyuma ya kilima cha mchanga, ukungu ukashuka.

Dada, ukungu wa kwetu una majirani ndani yake. Unasikia mtu anakohoa, mbwa, jogoo, mtu anapasua kuni. Huu ulikuwa kimya kabisa. Nilinyoosha mkono nikaona vidole vyangu vinafifia. Nyayo zetu za kurudia tulishazivuruga kwa kuzunguka, sikujua tena ipi ya kwenda na ipi ya kurudi. Bibi akasema, "Tukae." Ningemsikia, nisingekuwa nakuandikia haya.

Lakini nikakumbuka kule Momba kwa baba mdogo, tulipopotea mimi na wewe tukiwa wadogo, ukanivuta mkono ukasema, "Fuata nyayo za ng'ombe, mwenye kwato hakosi kisima, na penye kisima pana mtu." Na kweli tulitokea kwa wale wafugaji, wakatupa maziwa. Basi nikamwambia bibi kwa sauti ya mtaalamu, "Twende na nyayo za choroa, zitatufikisha kwenye maji." Akaniamini. Mtu wa Serengeti kasema.

Tukatembea. Tukatembea sana. Midomo ya bibi ikaanza kupasuka, na dawa zake za presha zilikuwa mezani kando ya sahani yake. Kila mara aliuliza, "Bado?" Na mimi nilijibu, "Tumekaribia," huku nyayo zinazidi kupanda mchanga mtupu, hakuna jani, hakuna mavi ya mnyama, hakuna kitu. Hapo ndipo nilipoanza kumhesabu bibi kuwa maiti, na mimi kuwa mtu aliyemuua.

Halafu nikaona, ndani ya unyayo wa choroa, unyayo mwingine. Mviringo, mpana kama sahani ya ugali, hauna alama ya kucha. Pembeni mchanga ulikuwa bado unaporomoka taratibu kuingia ndani yake. Nadhani umenielewa. Alikuwa amepita muda huohuo.

Sikumwambia bibi. Tukasimama. Kulia kwetu kitu kikapumua, kwa uzito, kama mtu anayeshusha gunia. Kikanyamaza. Kikapumua tena, safari hii nyuma yetu. Kisha ukungu ukafunguka kidogo, na simba jike alikuwa amesimama pale, mbavu nje, macho ya njano, karibu kama ulivyo wewe na jiko lako. Hakunguruma. Alitutazama tu kama mtu anayechagua nyanya.

Nikasimama mbele ya bibi. Nikachukua fimbo yake nikainyanyua juu, nikamkemea yule mnyama kwa Kinyiha, maneno ambayo siwezi kuyaandika maana mama atasomewa. Akageuza kichwa. Akaondoka bila haraka, ukungu ukamfunika. Kutomwona ndiko kulikoniumiza zaidi kuliko kumwona.

Tulikaa chini, migongo imeegemeana, mpaka jua lilipopasua ukungu. Frieda akatokea akifuata nyayo zetu, anakimbia, jasho, viatu mkononi. Kwanza alitoa tikiti la miiba kwenye mfuko wake, akalipasua, akamkamulia bibi mdomoni kidogokidogo kama mtoto mchanga. Bibi akafumbua macho. Ndipo zamu yangu ikafika.

"Ulikuwa unampeleka wapi?"

"Kisimani. Nilifuata choroa."

"Choroa!" Alipiga makofi, akajishika kiuno. "Choroa hana kisima, baba! Mnyama yule anakaa mwezi mzima hajaona maji, anakula umande! Ungemfuata mpaka ukafe, yeye wala asingegeuka."

Kisha akanishika mkono akanionyesha nyuma tulikotoka. Nyayo za bibi, nyayo zangu, na juu ya nyayo zangu zile sahani za ugali. Si mahali pamoja. Njia nzima, tangu kile kilima cha kwanza. Alikuwa anatembea nasi, Dada. Nilipokuwa nasema tumekaribia, na yeye alikuwa anasikia.

Jioni, wakiwa kwenye chakula, bibi alisimama mbele ya wageni wote akasema, "Lameki alinisimamia mbele kama ukuta." Wakanipigia makofi. Bosi akanikumbatia. Akasema kuanzia Jumatatu mimi ndiye nitakayewaongoza wageni kwa miguu kumtafuta yule simba. Kundi la kwanza ni mume, mke na mabinti wao wawili, mdogo ana meno ya mbele yaliyong'oka kama Eliya wako alivyokuwa. Ananiita jina la shujaa fulani wa kwenye katuni. Amenichorea picha, mimi na simba, mimi ni mkubwa kuliko simba.

Tangu hapo ugali haupiti. Kijiko kikianguka jikoni naruka. Nikifumba macho namwona yule mtoto anatembea nyuma yangu kwenye ukungu, ananiamini.

Nisalimie mama, mwambie mwanae anakula vizuri. Nisalimie shemeji, asiuze lile shoka langu. Eliya mpwa wangu mwambie asome, asidanganyike na habari za huku nilizomsimulia siku ile nilipopiga simu kutoka bandarini. Baba mdogo wa Momba mpe heshima zangu, na mzee wa kanisa aniombee, bila kumtajia sababu. Ukiwasomea watu barua hii, ishia hapa. Sema macho yamechoka.

Hapa chini ni wewe peke yako.

Jana usiku Frieda alinifuata. Akasema, "Mimi nasoma mchanga. Nimeona nani alisimama wapi. Bibi amekusitiri kwa sababu ni mwema, lakini simba hajui wema wa bibi. Mwambie bosi wewe, au nitamwambia mimi kabla ya Jumatatu." Leo asubuhi nimekwenda. Nimemwambia bosi yote, kuanzia Isansa na kahawa. Hakunifukuza. Alinyoosha mkono, nikampa kofia. Sasa naosha vyombo, na wale watoto watakwenda na Frieda. Usingizi wa mchana umenipitia leo kwa mara ya kwanza, hapahapa kwenye ndoo.

Dada, fimbo haikutoka mkononi mwa bibi. Ndiye aliyeinyanyua, ndiye aliyemkemea simba kama anamkemea mwanafunzi mchelewaji. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimechuchumaa, nimeng'ang'ania koti lake kwa mikono miwili, na nilikuwa nakuita wewe.

Mdogo wako,
Lameki