Maji ya Bomba Kwenye Panda

Valfosca, 9 Oktoba 1994

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, mafua tu ndiyo yananisumbua. Mgongo wa mama unaendeleaje? Na wewe, umeacha sigara kweli au umezihamishia kwenye kopo la misumari?

Najua bado umenuna kwamba nimekuja kufundisha huku milimani, kaskazini kabisa, badala ya kungoja nafasi karibu na nyumbani. Nuna, lakini nisaidie. Chumba nilichopanga kiko bondeni, shule iko juu, mwendo wa kilomita sita, na theluji ikianza basi halipandi tena. Mwaka huu niko kwenye majaribio. Mkuu wangu amenieleza bila kuzunguka: nikikosa siku nyingi, kazi imekwenda, na nafasi nyingine sijui itatokea lini.

Watu wa huku wote wanaendesha Panda, vile vigari vidogo vinavyovuta kwa magurudumu yote manne. Padri anayo, mkunga anayo, muuza jibini anayo. Jirani yangu, mzee Tarcisio, anauza yake ya mwaka 86 kwa sababu macho yamefifia. Nikague nini, baba? Wewe umetengeneza magari miaka arobaini, na sina mwingine ninayemwamini.

Mwanao,
Dora

Maglie, 17 Oktoba 1994

Binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mgongo wa mama yako unauma akiona nguo za kufua. Akisikia harusi unapona. Habari za sigara tuziache.

Nimenuna, ndiyo, na nikimaliza barua hii nitaendelea kununa. Sasa sikiliza. Lala chini ya hilo gari, usione haya, ugonge chuma kwa bisibisi. Kikilia ti, kizima. Kikilia pu, kimeoza, maana huko wanamwaga chumvi barabarani na chumvi inakula gari huku mwenyewe hana habari. Hakikisha injini inawashwa ikiwa baridi. Ukiikuta imeshapashwa moto, muuzaji ana jambo analificha. Halafu ingiza gia ya magurudumu manne, upande nalo mlima kinyumenyume.

La mwisho: ukikuta rejeta ina yale maji ya buluu, mwaga yote, tia maji ya bomba. Hayo ya rangi ni ujanja wa wauza vipuri. Nusu ya magari ya Maglie yamepita mikononi mwangu, yanakunywa maji ya bomba na yanatembea.

Mama yako anauliza kama huko mnapata nyanya za maana. Chumba chako bado ni chako.

Baba yako,
Oronzo

Valfosca, 30 Oktoba 1994

Baba,

Shikamoo, na umpe mama salamu zangu. Nyanya za huku hazina hata harufu, aniombee.

Nimelinunua! Nililala chini, nikagonga kila mahali, ti, ti, ti, mzee Tarcisio akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Akasema hajawahi kuona mwalimu amelala matopeni. Kisha yeye mwenyewe akanipandisha kinyumenyume hadi kanisani, akinipigia kelele, "Usikanyage breki, dada! Breki ni za watu wa tambarare!" Kanifundisha pia kwamba kwenye baridi kali breki ya mkono haivutwi, inaganda na gurudumu. Unaliacha kwenye gia.

Jana nikamwaga yale maji ya buluu, nikatia ya bomba kama ulivyosema. Mzee alipita akaniona nayamwaga. Akanisifu: "Vizuri, hutiwa mapya kabla ya baridi." Nikajibu, "Baba yangu ni fundi!" Nilijisikia mkubwa, we acha tu.

Mwanao,
Dora

Maglie, 8 Novemba 1994

Mwanangu,

Marahaba mara kumi. Barua yako nimeisoma kwa kinyozi mbele za watu, hasa pale pa ti, ti, ti. Sasa wananiita Fundi wa Theluji, nami situmi mtu kuwakataza.

Nakutumia mafuta ya zeituni na kile kimedali cha Mtakatifu Oronzo, kitundike kwenye kioo. Hita inafanya kazi? Andika upesi.

Baba yako

Maglie, 4 Desemba 1994

Dora mwanangu,

Hujambo? Sisi tupo, lakini hatulali vizuri. Karibu mwezi sasa hakuna barua. Mama yako anamngoja tarishi mlangoni kama anamdai. Nimekukosea nini? Kama ni kununa kwangu, nimeacha tangu Jumanne.

Baba yako

Valfosca, 11 Desemba 1994

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, kazi ilinibana. Mafuta yalifika, asanteni. Gari halijambo. Nafika shuleni kila siku. Krismasi sitaweza kuja. Msiwe na wasiwasi.

Dora

Maglie, 19 Desemba 1994

Mwanangu Dora,

Marahaba. Barua yako ilikuwa fupi mno. Mtoto wangu akiandika mistari mitano anaficha kitu, ndivyo ulivyokuwa tangu darasa la pili. Lakini nilikuwa nimeshamwandikia mzee Tarcisio kumshukuru kwa gari zuri, na majibu yake yamefika leo.

Ameniambia yote. Kwamba baridi ya tarehe ishirini na tatu Novemba maji yaliganda ndani ya injini, yakaipasua. Kwamba unapanda zile kilomita sita kwa miguu alfajiri, siku nyingine padri anakubeba, siku nne hukufika kabisa. Na kwamba walipokuuliza ni mpumbavu gani aliyekushauri kutia maji matupu, ukajibu, "Hakuna aliyenishauri. Ni ujinga wangu mwenyewe."

Hapo nilishindwa kuendelea kusoma. Mama yako akanimalizia.

Dora, mpumbavu ni mimi. Miaka arobaini nimejiona sijakosea, kumbe ni kwa sababu sijawahi kuona bomba limeganda. Nimekuharibia gari, nimekuhatarishia kazi, na wewe ukaibeba aibu yangu mbele za watu. Nisamehe, mwanangu.

Nimepata injini nzima kwenye gari lililogongwa nyuma. Nimeipakia kwenye kigari changu cha mizigo. Naondoka siku ya pili baada ya Krismasi. Sijawahi kuvuka Napoli, lakini watu wanavuka.

Baba yako,
Oronzo

Valfosca, 24 Desemba 1994

Baba,

Shikamoo. Nalia na kucheka. Usije! Barabara mbaya, na wewe na baridi hamjuani. Ukija, vaa soksi mbili mbili, na hayo matairi yako yenye upara uyaache Maglie.

Sikukudanganya kwa ubaya. Nilishindwa kuandika kwamba baba yangu amekosea.

Njoo.

Dora

Valfosca, 10 Januari 1995

(Barua iliyoachwa kwenye kiti cha dereva)

Mwanangu,

Uko darasani nami ninaondoka. Usikasirike. Gari limewaka mara ya kwanza, muulize Tarcisio, ambaye kwa siku kumi amenishikia taa na kuniita "profesa" kila nilipoomba bisibisi. Maji ya buluu, yale yasiyoganda, nimetia kwa mkono wangu, na yeye akasimama pembeni kuhakikisha. Mzee mtundu yule, nimempenda.

Sasa nikuambie nilichoshindwa kusema mezani. Nilikuja na nia mbili. Ya kwanza kutengeneza gari. Ya pili, urudi nyumbani na hilo gari ukinifuata nyuma, uachane na baridi hii. Maneno nilikuwa nimeshayapanga tangu Bologna, mazuri, hata wewe ungekubali. Mama yako ametandika kitanda chako.

Jana nikapanda hadi shuleni nikuambie. Nikasimama dirishani, theluji imefika magotini, nikakusikia unawasomesha. Watoto saba, mashavu mekundu, wote wanasoma kwa sauti. Nikatega sikio. Dora, wanasoma kwa lafudhi yetu! Watoto wa milima, baba zao wanazungumza kana kwamba wana viazi mdomoni, na wao wanakokota maneno vilevile kama watu wa Maglie. Yule msichana mwenye misuko miwili alikosea neno, ukamsahihisha, akalirudia sawasawa na mama yako.

Nililia pale nje, na machozi huku yanauma kwa baridi, hakuna aliyenionya. Nikageuka nikashuka.

Yale maneno yangu yako karibu mno mdomoni, na ukinitazama nitayasema. Ndiyo maana nimeondoka bila kukuaga. Mama yako nitamweleza mwenyewe. Atanipigia kelele, atanuna, halafu atakitandua kile kitanda.

Petroli nimejaza. Kesho nenda kazini.

Baba yako,
Oronzo